Tarakilishi za kujitolea zilivyochangia vita dhidi ya malaria

MJI wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya nyanda hizo hupunguza mbu, hivyo wakazi wengi hukosa kinga ya kutosha dhidi ya malaria. Ugonjwa unapozuka baada ya joto na mvua nyingi, hata watu wazima huwa hatarini.

Ili kujua kinachofaa zaidi kati ya vyandarua, dawa na chanjo, wanasayansi huigiza kwa hesabu namna malaria inavyoenea. Hesabu hizo ni nyingi mno kwa tarakilishi moja.

Ndiposa mwaka 2006 mradi wa MalariaControl.net, ulio chini ya mpango wa Africa@home, ulifunguliwa kwa umma. Ulitegemea utafiti wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi.

Aliyejitolea alipakua programu ya BOINC, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tarakilishi yake ilipokaa bila kazi, ilipokea sehemu ndogo ya hesabu kupitia intaneti, ikaikamilisha na kurudisha majibu. Hakuhitaji ujuzi wa hisabati, ila umeme na intaneti alijilipia mwenyewe.

Mradi huo ulikamilika mwaka 2016. Hata hivyo, mfumo wake wa hesabu, OpenMalaria, ulikuwa miongoni mwa minne iliyotumiwa kukadiria manufaa ya chanjo ya RTS,S, ambayo watoto wa magharibi mwa Kenya walianza kupewa Septemba 2019.