Usimamizi wa makazi ya viumbe

Ukitaja makazi huku Sigor, Chepalungu, wengi watafikiria mashamba yaliyogawiwa watu au nyumba za bei nafuu. Wanaikolojia wana maana nyingine: mahali ambapo kiumbe fulani hupata chakula, maji, maficho na pa kuzalia. Usimamizi wa makazi ya viumbe basi ni kupatunza mahali hapo kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, ili kiumbe huyo aishi na kuzaana.

Mfano ulio wazi ni wa kigong'ota mmoja wa kusini-mashariki mwa Marekani, aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 1970. Jamaa zake wengi hutoboa miti iliyokufa. Yeye hutoboa msonobari ulio hai, tena mkongwe, ambao kiini chake kimelainishwa na kuvu. Tundu moja laweza kumchukua miaka. Kisha hudonoa vishimo kuzunguka mlango, utomvu utiririke na kuwazuia nyoka. Misonobari mikongwe ilipokatwa, alikosa pa kulala. Hata palipobaki msitu, moto ulipozuiwa, vichaka vilisongamana chini ya miti naye akahama.

Ulinzi peke yake, kwa hiyo, haukutosha. Wasimamizi waliiacha misonobari izeeke, wakawa wanachoma vichaka kwa moto uliodhibitiwa kila baada ya miaka michache. Kimbunga Hugo kilipoangusha miti mingi yenye matundu huko South Carolina mwaka 1989, walichonga nafasi katika misonobari iliyosalia wakapachika visanduku vya mbao, na ndege wakaingia. Mwaka 2024 kigong'ota huyo aliondolewa katika daraja la walio hatarini kutoweka, akawekwa katika daraja la tishio dogo zaidi.

Ndiyo maana napendelea "makazi ya viumbe" kuliko "makazi asilia": kisanduku hakikuota msituni, lakini ni makazi. Nalo neno "usimamizi" linataja kazi isiyokoma, ambayo "ulinzi" hauitaji.

Vigong'ota wa kwetu hawajafikia hatari hiyo. Hata hivyo, mikaratusi ya kuni za viwanda vya chai hukatwa ingali michanga, na mti mkavu msituni ndio wa kwanza kufanywa kuni. Katika mti huo kigong'ota hutoboa kiota, na akishahama, kwenzi hukirithi. Atakayesimamia makazi ya viumbe Chepalungu apande miti ya kienyeji, na mikavu michache iliyosimama aitie alama isikatwe.