Picha ya eksirei: kutoka boksi la taa hadi kwenye skrini

Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya eksirei Novemba 1895. Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo, picha zake zilisomwa kwa njia moja: filamu ilisafishwa katika chumba cha giza, ikaanikwa, kisha ikabandikwa kwenye boksi la taa. Weusi na weupe wake uliganda humo humo. Filamu iliyotoka hospitali ya Kagondo, wilayani Muleba mkoani Kagera, ikifika Bukoba mjini au hospitali ya Bugando, Mwanza, kivuli kilikuwa kile kile, almradi taa iwe nzuri.

Kompyuta zilibadili mambo. Mwaka 1985 wataalamu wa radiolojia na watengenezaji wa vifaa nchini Marekani walitoa kanuni za kuziwezesha mashine kupeana picha, na mwaka 1993 kanuni hizo zikaitwa DICOM. Picha ikawa inasafiri, lakini kila skrini iliionyesha inavyojua yenyewe: hapa imefifia, pale imekolea.

Dawa ilipatikana mwaka 1998, katika sehemu ya 14 ya DICOM. Msingi wake ni utafiti wa Mholanzi Peter Barten kuhusu jicho la binadamu. Mwanga uligawanywa katika hatua 1,023, kila hatua ikiwa tofauti ndogo kabisa ambayo jicho linaweza kuitambua, ili kila skrini ifuate ngazi hizo hizo.

Kazi ya kuhakiki skrini ifuate ngazi hizo haichukui muda mrefu. Kipima mwanga huwekwa juu ya kioo, skrini ikapanda hatua kwa hatua kutoka weusi hadi weupe, na programu ikasahihisha kila ngazi iliyopotoka. Kwa ukaguzi wa kila siku, inatosha picha ya majaribio yenye mraba mweusi ambao ndani yake mna mraba mdogo uliopauka kwa asilimia 5 tu. Usipouona huo mdogo, funga pazia, maana jua la dirishani hufuta vivuli. Ukiwa bado hauonekani, skrini hiyo isisomewe mgonjwa.

Uhakiki haufanywi mara moja yakaisha, kwa sababu taa ya skrini huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Mkulima wa Kagera hakubali kahawa yake ipimwe kwa mizani isiyohakikiwa. Mapafu yake yanastahili uangalifu huo huo. Kovu dogo la kifua kikuu hujificha katika tofauti ndogo za kijivu, na skrini iliyopotoka inaweza kulimeza.

Serikali, makanisa na wafadhili wametumia fedha nyingi kununua mashine za picha. Wanaoandaa zabuni waandike humo pia skrini ya kusomea, kipima mwanga na mafunzo ya kukitumia. Mashine nzuri yenye skrini mbovu ni nusu ya huduma, na mgonjwa wa Kagondo hastahili nusu.