Jina Lililopigiwa Kelele Uwanjani

  Ninyi mnaofuata kwa kitabu, someni polepole pamoja nami. Neno gumu likitokea, wekeni kidole juu yake, nasi tutalieleza.

Leo tutazungumza habari za ngoma. Lakini si ngoma ya arusi, wala si ngoma ya mavuno. Ni ngoma ya vijana wa Marekani, wanaoipiga huku wakitembea uwanjani. Na ndani ya ngoma hiyo yumo mtumwa mmoja aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Kwanza tuulizane: kikosi cha ngoma na tarumbeta ni kitu gani? Wazee wa Lamu na Mombasa hawana haja ya kuelezwa sana, maana watu wa huko waliijua beni: vijana wamejipanga safu kama askari, tarumbeta zinalia, ngoma zinajibu, na mtaa huu unashindana na mtaa ule. Huko Marekani mchezo huu ulikuzwa na askari waliorudi kutoka vita vya 1914 hata 1918. Walikuwa wamezoea gwaride, basi wakaunda vikundi vyao, na baadaye wakawafundisha vijana. Mwaka 1971 vikundi vya vijana viliunda chama chao, Drum Corps International. Mashindano makuu ya kwanza ya chama hicho yalifanywa 1972, katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin.

Kikosi kimoja huwa na vijana zaidi ya mia. Wengine hupuliza tarumbeta kubwa na ndogo, wengine hupiga ngoma, wengine hurusha bendera na bunduki za mbao hewani na kuzidaka. Zumari hamna, fidla hamna. Kijana akipita umri wa miaka ishirini na moja, basi, mchezo umekwisha kwake. Wakati wa likizo ya kiangazi husafiri kwa mabasi mji hadi mji, hulala chini katika majumba ya michezo ya shule, na mchana kutwa hufanya mazoezi juani. Na hawalipwi. Wao ndio wanaolipa ada! Kazi hiyo yote ni kwa ajili ya mchezo mmoja wa dakika kama kumi na moja.

Sasa tumwache kijana wa Marekani, tumtazame mtumwa.

Jina lake Spartacus. Alitoka Thrace, nchi iliyokuwa kaskazini ya Ugiriki. Warumi walimfanya mtumwa, wakampeleka katika mji wa Capua, kwenye nyumba ya kufundishia watumwa kupigana. Kupigana kwa nini? Ili watu watazame. Mtumwa alimwua mtumwa mwenziwe, na watazamaji wakashangilia. Mwaka 73 kabla ya kuzaliwa Kristo, yapata watumwa sabini hivi walitoroka. Silaha zao za kwanza zilikuwa visu na vyuma vya kuchomea nyama walivyovitwaa jikoni. Wakapanda mlima Vesuvius. Askari wa Roma wakaiziba njia ya kushukia, wakangoja njaa iwalete chini. Watumwa wakasuka ngazi kwa mizabibu ya mwitu, wakateremka upande wa jabali, wakawavamia askari hao kwa nyuma. Baada ya hapo watumwa wa mashamba na wachungaji wakawafuata kwa maelfu.

Vita ilikwisha mwaka 71. Jemadari Crassus aliwashinda. Watumwa elfu sita waliotekwa walitundikwa misalabani kando ya njia, toka Capua mpaka Roma. Hesabuni wenyewe: njia hiyo ni kama kilometa mia mbili. Ukigawa, ni msalaba mmoja kila baada ya hatua arobaini au hamsini, mwendo wa siku nyingi. Spartacus mwenyewe aliuawa vitani, lakini mwili wake haukuonekana.

Angalieni jambo moja hapa. Habari hizi zote ziliandikwa na watu wa upande wa mabwana. Katika wale elfu sita hakuna hata mmoja ambaye neno lake la mwisho limetufikia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wazanji, watumwa walioasi kule Basra toka mwaka 869 hata 883. Habari zao twazisoma katika vitabu vya adui zao. Mimi nalisikitika sana jambo hili kila ninapofundisha somo la watumwa.

Kwa kuwa mwili haukuonekana, watu wa baadaye walijaza pengo hilo kwa hadithi. Mwaka 1960 ilitoka sinema ya Spartacus. Ndani yake Warumi wanataka waonyeshwe Spartacus ni yupi kati ya mateka. Mateka wanasimama mmoja mmoja, kila mmoja akidai kwamba ni yeye. Jambo hili halimo katika historia, msije mkaliandika katika mtihani! Lakini aliyeliona halisahau. Kabla ya hapo, mwaka 1956, mchezo wa dansi wa Spartacus ulikuwa umechezwa Leningrad, kwa muziki wa Aram Khachaturian, Mwarmenia.

Basi katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, kulikuwa na kikosi kiitwacho Phantom Regiment, kilichoundwa mwaka huo huo wa 1956. Kilipenda muziki mzito wa namna hiyo. Kikapiga Spartacus mwaka 1981, na tena 1982. Mashabiki wake walikuwa watu wa subira. Miaka ya 1977, 1978 na 1979 kikosi kilikuwa cha pili, mara tatu mfululizo. Mwaka 1996 kiliupata ushindi, lakini kwa kugawana na Blue Devils wa California.

Mwaka 2008 Phantom Regiment wakamrudia Spartacus. Safari hii hawakupiga muziki tu, walicheza kisa chenyewe. Kiongozi wao, yule anayesimama juu ya jukwaa na kuongoza kwa mikono, alikuwa ndiye mtawala Mrumi. Katikati ya mchezo vijana walipaza sauti, hawa wakipokea kwa hawa, kila mmoja akisema ni yeye Spartacus. Mwishoni wakamgeukia kiongozi wao na kumwua, kwa mchezo bila shaka. Crassus alishindwa siku hiyo!

Na watazamaji? Hao hawakukaa kimya. Kadiri kiangazi kilivyoendelea, watu walianza kulipiga kelele jina hilo kutoka vitini. Mtu mmoja huku, mwingine kule mbali, kila mmoja akijidai kuwa ndiye mtumwa yule.

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2008 ukaja, katika mji wa Bloomington, Indiana. Mashindano yalikuwa yamekusudiwa kufanywa Indianapolis, lakini uwanja mpya wa huko haukuwa tayari. Blue Devils, washindi wa 2007, ndio waliokuwa wakiogopwa. Alama zikasomwa. Andikeni katika daftari zenu, moja chini ya nyingine:

98.125
98.100

Ya juu ni ya Phantom Regiment, ya chini ni ya Blue Devils. Toeni. Jibu ni 0.025, yaani sehemu ishirini na tano za alama moja iliyogawanywa mara elfu. Kwangu mimi, hakuna sikio la binadamu liwezalo kupima kiasi hicho, na shabiki wa Blue Devils akinung'unika simlaumu. Lakini sheria ni sheria, na kwa mara ya kwanza Rockford walishinda peke yao.

Mashabiki wanaokumbuka usiku ule hawaanzi na hesabu. Huanza na ile kelele, na jinsi walivyosimama kabla ya tarumbeta ya mwisho kunyamaza. Na wengine hukiri kwamba walipiga kelele wao wenyewe, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, wakijiita kwa jina la mtumwa wa Capua.

Haya, rudieni lile toleo la hesabu mpaka kila mtu alipate. Kwaherini hata somo lijalo.