Jaketi la Buguruni na baridi ya Kilimanjaro

Jumamosi iliyopita nilishuka Buguruni Sheli kutafuta shati la kazini. Wazee wa mitumba ndiyo kwanza walikuwa wamefungua robota, watu wanapigana vikumbo. Katikati ya mashati na jinzi nikaona jaketi moja jekundu, zito kama godoro, limejaa mifuko ya zipu, na kifuani limetariziwa picha ya samaki. Jua la saa saba, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, halafu mtu ananiwekea mbele jaketi la namna hiyo!

Nikamuuliza muuzaji: "Braza, hili anavaa nani hapa Dar?"

Akanijibu bila hata kuniangalia: "Hilo si la hapa, mdogo wangu. Hilo linapanda basi la Moshi."

Basi bwana, jibu lile likanikaa kichwani wiki nzima.

Kwanza, jaketi lenyewe. Huko lilikotoka ni vazi la wavuvi. Kule Finland, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ziwa likiganda watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu na kukaa na ndoano kutwa nzima. Lakini hawakurupuki. Ndani wanavaa nguo nyepesi ya sufu, katikati sweta zito, juu jaketi la kuzuia upepo na maji. Wengine wanavaa majaketi yanayoelea, ili barafu ikikatika mtu asizame. Pamba hawaitaki, kwa sababu ikilowa haikauki upesi, na maji yanaondoa joto la mwili haraka kama mara 25 kuliko hewa.

Sisi hatuna ziwa linaloganda. Barafu tunayo, na kuna Watanzania wanaofanya kazi juu huko kila siku. Piga hesabu: hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilimanjaro ina mita 5,895. Dar ikiwa na nyuzi 30, kileleni ni kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Hapo hujaweka usiku wala upepo.

Shuleni tulifundishwa kwamba tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na kwamba wasomi wa London walimbishia, eti theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Tusichofundishwa ni kwamba alipomuuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, kile cheupe ni nini, jibu lilikuwa neno moja tu: baridi. Mswahili wa pwani alikuwa anajua tayari.

Na Wachaga walijua zaidi, tena kwa gharama. Rebmann alisimuliwa kwamba zamani Rengua, mangi wa Machame, alituma kundi la watu wapande wakaangalie kile kitu cheupe ni nini. Huenda ni fedha, nani ajuaye. Aliyerudi hai ni mmoja tu, anaitwa Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Mimi nadhani huo ndio ukurasa wa kwanza wa historia ya mlima ule, kabla ya Mzungu yeyote. Watu walitumwa kwenye barafu na nguo za migombani.

Sasa mtazame Hans Meyer, Mjerumani. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu akageuka, maana hakuwa na vifaa vya kuikabili. Mwaka 1888 alijaribu tena, akaishia mikononi mwa watu wa Abushiri, akaachiwa kwa kulipiwa fidia. Tarehe 6 Oktoba 1889 ndipo akafika kileleni na Ludwig Purtscheller, fundi wa kupanda milima kutoka Austria, safari hii wakiwa na vifaa kamili. Mtu yule yule, mlima ule ule. Kilichobadilika ni maandalizi.

Wapagazi wengi waliachwa chini, lakini kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alikuwepo Muini Amani, mtu wa Pangani, akiwapikia na kulinda hema. Mtu wa Pangani, wadau! Kakulia kwenye minazi, siku kadhaa yuko mahali maji yanapoganda usiku. Kila ninaposoma habari ile najiuliza swali moja tu: alivaa nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera ya Tanganyika pale kileleni. Yeye alikuwa mwanajeshi, alikwenda kama mwanajeshi. Lakini wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu, waliendelea kuvaa walichonacho. Soko la mitumba lilipofunguka katikati ya miaka ya 1980 ndipo makoti ya majuu yakaanza kushuka kwa bei ya kwetu. Nenda soko la Memorial pale Moshi ukajionee.

Hata hivyo si kila mtu anayapata. Binamu yangu alikwenda kubeba mizigo likizo moja ya chuo. Jinzi, raba za turubai, koti la mvua la plastiki. Kampuni iliyomchukua haikumuuliza kitu. Siku ya pili wakanyeshewa, jinzi ikalowa, usiku ikawa ngumu kama ubao. Alishuka akiwa na vidole viwili vya mguu visivyosikia chochote, na mpaka leo havisikii. Nilimgombeza: kwa nini hukuvaa vizuri? Akaniambia: "Nilivaa nguo zote nilizokuwa nazo."

Tangu 2003 kuna mradi pale Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima wagumu nguo za baridi bure. Jambo jema. Ila nguo za kuazima zisiwe kisingizio cha bosi kutojali mtu wake kavaa nini. Ukipanga kupanda, kabla hujalipa waulize wagumu wako watavaa nini. Siku ya safari tazama miguu yao, siyo mizigo tu.

Jumapili nilirudi Buguruni kulichukua lile jaketi nimpe binamu, maana anasema atarudi mlimani. Nikakuta halipo. Limeondoka na basi la alfajiri, akasema yule braza.

Sawa. Limpate mgumu, lisiishie kutundikwa baa.