Udongo Mwekundu wa Maniema na Lawama Isiyo Yake

Udongo mwekundu unaozunguka mji wa Kindu, Maniema, umehukumiwa kuwa maskini, na hukumu hiyo ina vipimo nyuma yake. Watafiti wa INEAC, taasisi ya kilimo ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1933 na kuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi, walichimba mashimo na kupima udongo wa Kongo kwa miaka mingi. Mwaka 1960 Carlo Sys akachapisha ramani ya nchi nzima, na sehemu kubwa ikaangukia katika kundi la kaolisoli. FAO baadaye ikauita feralisoli, Wamarekani oksisoli. Wote wanaeleza jambo lilelile: mvua za maelfu ya miaka zimeondoa kalisi, potasiamu na magnesiamu, zikaacha kaolini na oksidi za chuma na alumini, ambazo huing'ang'ania hata fosforasi kidogo iliyopo. Kemia hiyo siipingi. Ninachopinga ni kuitumia kueleza mavuno haba ya mkulima, kana kwamba historia haikupita hapa.

Karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao, Waungwana, walieneza mpunga Nyangwe na Kasongo, humu humu Maniema, kwenye udongo huuhuu, bila mfuko mmoja wa mbolea. Msitu ulikatwa na kuchomwa. Majivu yakapunguza asidi ya udongo na kurudisha potasiamu na kalisi. Mpunga ukatangulia, muhogo ukafuata, kisha kichaka kikaachwa kirudi. Akiba yote ilikaa kwenye miti na majani yaliyooza juu, kwa hiyo mbolea halisi ilikuwa miaka ya kupumzisha shamba.

Mtu atasema watu walikuwa wachache, na leo ardhi haitoshi kupumzishwa. Ni kweli kwa mashamba yaliyosongamana karibu na mji. Lakini mapumziko yalivurugwa kwa amri kabla ya wingi wa watu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ikahalalisha kilimo cha lazima, na kila kaya ikapangiwa eneo la kulima, pamba au mpunga, kila mwaka. INEAC yenyewe ilikuja kupendekeza mashamba ya ukanda, msitu ukipishana na kilimo, kwa sababu watafiti wake walijua kichaka kina kazi gani. Majina ya kaolisoli na feralisoli hayataji umri wa kichaka. Mtaalamu anayetaka kukadiria mavuno ya Kindu hana budi kumuuliza mwenye shamba limelala miaka mingapi.