Anga au Uso: Historia Fupi ya Mkanda wa Slaidi Safarini

Kuna picha za rangi za Afrika Mashariki, za miaka ya 1950 hadi 1980, ambazo ukiziona tu unazitambua. Anga ni la buluu iliyokolea, barabara ni nyekundu, nguo zinawaka. Katikati amesimama mtu, na uso wake ni giza tupu. Unaona meno, unaona weupe wa macho, basi. Nimezikuta nyingi za namna hiyo kila ninapotafuta picha za zamani za kusindikiza makala, na wengi ninaowaonyesha husema ni uzee wa picha au kamera mbovu. Lakini zingine zilipigwa kwa kamera za bei mbaya sana, na rangi ya anga mpaka leo haijatetereka. Kilichoupoteza uso ni mkanda uliokuwa ndani ya kamera, na zaidi ya mkanda, ni uamuzi wa aliyeushika.

Kwa waliokulia kwenye simu, niseme kwanza slaidi ni nini. Mkanda wa kawaida tuliokuwa tunaupeleka studio kusafishwa ulitoa negativu, rangi zote kinyume, kisha fundi akachapisha picha kwenye karatasi. Pale kwenye kuchapisha fundi aliweza kukuokoa: picha ikiwa nyeusi mno anaiongezea mwanga, ikiwa ya manjano anairekebisha. Slaidi haina huruma hiyo. Mkanda uleule uliopita nyuma ya lenzi ndio unaokuwa picha, wenye rangi zake halisi, unakatwa vipande, kila kipande kinatiwa kwenye fremu ndogo ya karatasi au plastiki, unaweka kwenye projekta na kutazama ukutani. Asili ni moja tu, na ulichokosea kwenye kupiga kinabaki hivyo.

Safari na slaidi zimekuwa pamoja tangu mwanzo. Mwaka 1907 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliingiza sokoni vioo walivyoviita Autochrome. Juu ya kioo walitandaza chembe ndogo sana za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu, na chembe hizo zikafanya kazi ya kuchuja mwanga. Vilikuwa vizito, vilivunjika, na mtu alitakiwa atulie kwa sekunde kadhaa mbele ya kamera. Hata hivyo, tajiri mmoja wa benki jijini Paris, Albert Kahn, aliwatuma wapiga picha duniani kuanzia 1909 hadi 1931 wakusanye sura za watu na miji kabla havijabadilika. Walirudi na vioo kama 72,000 kutoka nchi zipatazo 50. Mmoja wao, Frédéric Gadmer, alifika Dahomey, yaani Benin ya leo, mwaka 1930. Mkusanyiko huo bado upo Boulogne-Billancourt, pembeni mwa Paris.

Kilichoifanya slaidi kuwa mzigo wa kila msafiri ni Kodachrome. Waliobuni walikuwa wanamuziki: Leopold Mannes alipiga piano, Leopold Godowsky Jr. alipiga fidla. Inasimuliwa kwamba gizani, mahali ambapo saa haionekani, walipima muda wa kemikali kwa kupiga mluzi vipande vya muziki waliojua mwendo wake. Kodak waliitoa mwaka 1935 kama mkanda wa sinema wa milimita 16, na mwaka uliofuata ikaja ya milimita 35, inayoingia kwenye kamera ndogo ya kuvaa shingoni. Kabla haujaisha muongo huo, jarida la National Geographic lilikuwa limeanza kuichapisha. Wahariri waliipenda kwa sababu ilikuwa na ukali wa ajabu, punje hazionekani, na rangi hazipauki ikihifadhiwa gizani. Mwaka 1961 Kodak wakaleta projekta ya Carousel yenye sahani ya duara, na jioni ya kuonyesha slaidi za safari ikawa desturi katika sebule za Wamarekani na Wazungu. Jirani akirudi kutoka Serengeti, mnakaa gizani, mnahesabu tembo.

Sasa tuje kwenye kuchagua na kutumia, maana hapa ndipo ngoma ilipo.

Kodachrome ya kwanza ilikuwa ya polepole kweli, kama ISO 10 kwa kipimo cha leo. Mwaka 1961 ikaja ya ISO 25, na punde baadaye ya 64. Tarakimu hizo zilimaanisha kwamba msafiri anahitaji jua. Kanuni waliyoijua wote ilikuwa hii: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na kasi ya shata iwe moja chini ya namba ya mkanda. Kwa mkanda wa 64 ni sehemu ya 1/60 ya sekunde. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye michoro midogo ya jua na mawingu kwa yule asiye na kipima mwanga.

Kanuni hiyo hufanya kazi vizuri kwa mlima, kwa mnara, kwa twiga. Lakini slaidi ina uwezo mdogo wa kubeba mwanga na giza kwa pamoja. Wapiga picha hupima tofauti hiyo kwa stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili ya uliotangulia. Slaidi hubeba kama stopu tano: kitu kinachong'aa kuliko kingine mara 32. Ukizidisha hapo, upande mmoja unakuwa mweupe usio na kitu au upande mwingine unakuwa mweusi usio na kitu. Negativu ya rangi ina uvumilivu zaidi.

Fikiria basi Mji Mkongwe, Zanzibar, saa sita mchana. Kuna ukuta wa chokaa unaopigwa na jua. Mbele yake, chini ya baraza, amekaa mzee mweusi mwenye kofia, na jua liko utosini kwa hiyo hata akitoka barazani macho yake yamo kivulini. Ukuta unarudisha karibu mwanga wote unaoupokea, uso unarudisha sehemu ndogo tu, na kivuli kinakata tena stopu mbili au tatu. Kati ya ukuta na uso tofauti inaweza kufika stopu sita, yaani mara 64. Mkanda hauwezi kubeba vyote. Mpiga picha lazima achague. Akipima kwa ukuta, mzee anazama gizani. Akipima kwa mzee, ukuta unaungua, na anga linapauka kuwa jeupe.

Wengi walichagua ukuta na anga. Tena walishauriwa wafanye hivyo. Ushauri uliozunguka miongoni mwa wapiga slaidi wazoefu ulikuwa kupunguza mwanga kidogo makusudi: una mkanda wa 64, ambia kipima mwanga kwamba ni 80. Rangi hukolea, mawingu hayaungui, buluu inakuwa buluu kwelikweli. Kwa mandhari ni ushauri mzuri, na kwa uso wa Mzungu aliyesimama juani hauna madhara makubwa. Kwa uso mweusi uliokuwa tayari kwenye ukingo wa giza, theluthi ya stopu inaweza kuwa ndiyo iliyobeba macho na midomo. Uzuri wa anga letu katika picha hizo ulilipiwa, na nyuso zetu ndizo zilizolipa.

Nitenganishe mambo mawili hapa, kwa sababu mitandaoni huchanganywa. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameandika kuhusu kadi za Shirley, picha za mwanamke mweupe ambazo maabara zilizitumia kwa miaka mingi kama kipimo cha rangi sahihi ya ngozi. Ni habari ya kweli na ya kuudhi, ila inahusu hasa uchapishaji wa negativu. Slaidi haikuchapishwa na fundi mwenye kadi ukutani. Kikomo chake kilikuwa cha kikemikali, na kilimhusu yeyote aliyepiga kitu cheusi karibu na kitu cheupe. Ubaguzi, pale ulipokuwepo, uliingia kwenye hatua inayofuata: mtu anayejua kwamba hawezi kubeba vyote anaacha kipi?

Na ilikuwa inawezekana kuacha anga. Picha maarufu kuliko zote za Kodachrome pengine ni ile ya Steve McCurry ya mwaka 1984, ya msichana wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, Pakistan. Ilipigwa ndani ya hema la shule, mbali na jua la moja kwa moja, na uso wake ndio ulioamua kipimo. Hakuna anga humo. Lakini hata pale uso ulipochaguliwa, kuna jambo jingine halikuchaguliwa. Picha ilitoka kwenye jalada mwezi Juni 1985, dunia nzima ikayajua macho yale, na Sharbat Gula mwenyewe hakuwahi kuiona hadi alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002.

Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya tabia ya mkanda. Kodachrome haikuwa na rangi ndani yake; rangi ziliongezwa wakati wa kusafisha, kwa hatua nyingi zilizohitaji mitambo mikubwa na mtaalamu wa kemia. Maabara za kazi hiyo zilikuwa chache duniani, hivyo msafiri alitia mkanda kwenye bahasha na kuutuma, au alirudi nao nyumbani. Ektachrome, iliyotoka 1946, ilibeba rangi zake ndani na iliweza kusafishwa katika maabara ndogo, hata na mtu mwenyewe. Wenye haraka, waandishi wa habari hasa, waliipenda kwa hilo, ingawa zile za mwanzo rangi zake hupauka vibaya. Msafiri wa kawaida alitaka Kodachrome. Aliyepigwa picha Lamu au Bagamoyo aliona kamera, alisikia shata, na mambo yakaishia hapo.

Kodak walisimamisha kutengeneza Kodachrome mwaka 2009. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010.

Zilizobaki ni boksi. Zimo kwenye madari na makabati ya wazee wa Ulaya na Marekani, na wenyewe wakifariki warithi huzitupa au huziuza kwa mafungu mtandaoni. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ya rangi ya miji yetu katika miaka ya uhuru imo humo. Ukizikuta, tazama fremu ya karatasi: mara nyingi maabara iligonga muhuri wa mwezi na mwaka. Ni tarehe ya kusafishwa, kwa hiyo safari yenyewe ilitangulia kidogo. Ukiziskani, zima ile programu ya kufuta vumbi kwa infraredi, maana Kodachrome huichanganya na utapoteza vitu vya kweli. Kwenye giza la uso skana nzuri huweza kuchimba kitu: ukingo wa shavu, mkunjo wa jicho. Si mara zote.

Slaidi haijafa. Velvia ya Fuji, iliyotoka 1990, bado ina wapenzi kwa kijani na buluu yake, ingawa kwa ngozi ya mtu ni kali mno. Ektachrome ilirudi 2018, na ndiyo ningemshauri kijana anayetaka kusafiri na slaidi leo. Usiuache mkanda kwenye gari juani. Uwanja wa ndege omba ukaguliwe kwa mkono. Piga asubuhi au jioni, jua likiwa limeshuka. Mtu akiwepo, mwombe asogee kwenye kivuli kilicho wazi, mbali na ukuta mweupe, au tandaza kanga yenye weupe mwingi mbele yake irudishe mwanga. Kisha sogea karibu, pima usoni kwake, na usiguse kipimo hata anga likilalamika.

Na ile fremu ya karatasi ina nafasi ya kuandika. Katika slaidi nilizoziona, wenye nazo waliandika mahali: Zanzibar, Ngorongoro, Mombasa. Jina la mtu sijalikuta. Uliza jina kabla hujashika kamera, uliandike hapo, na simu unayo mfukoni: picha ikisafishwa, mtumie.