Mume na Mke Katika Matengenezo ya Chombo

Katika nchi za Ulaya, na hasa baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, ilizuka desturi ambayo kwa watu wengi wa bara letu hufanana na kichekesho. Mume na mke walioacha kazi kwa ajili ya umri huuza nyumba yao, hununua au huunda chombo cha tanga, hukitengeneza ubao kwa ubao, kisha huhamia humo wakakaa mpaka nguvu ziwaishie. Waliosifika sana kwa maisha hayo ni Eric Hiscock na mkewe Susan, Waingereza, ambao baina ya mwaka 1952 na 1955 waliizunguka dunia katika Wanderer III, chombo chenye urefu wa futi 30 tu. Baadaye waliundiwa kingine kikubwa zaidi, kiwe ndicho makao yao. Vitabu vya bwana huyo havikusimulia ushujaa sana kama vilivyofundisha matengenezo: kamba, milingoti, matanga, na maji yaingiayo pasipotakiwa.

Mzee wa Korogwe au wa Handeni aliyestaafu hana fikira hizo. Yeye hutazamia shamba, kivuli cha mwembe na wajukuu. Hata hivyo, wilaya hizo mbili zimo katika mkoa uitwao Tanga, na tanga ndilo lipokealo upepo (ijapokuwa si lazima jina la mji liwe limetoka huko). Mto Pangani hushuka kutoka Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, huanguka kwa kishindo kule Hale, ndipo uifikie bahari. Chombo hakiwezi kuyapanda maporomoko hayo, lakini mali na watu wa bara waliteremka kwa miguu mpaka vyomboni, na habari za vyombo vya Pangani na Saadani haziwezi kuandikwa vema pasipo kuitaja nchi iliyo nyuma yao.

Chombo cha mbao ni mgonjwa asiyepona. Jua huyafungua maungo yake, mvua huziozesha mbao zake za juu, na funza wa baharini huzitoboa za chini. Kwa hiyo kila mwaka, masika yalipoanza na kusi ikavuma kwa nguvu, safari zilisimama. Chombo kilipelekwa pwani wakati wa maji makuu, maji yakakupwa, kikabaki kimepwelewa na kuegemezwa magogo. Mafundi walipita wakigonga mkuku, mataruma na mbao, wakisikiliza, maana ubao uliooza una sauti yake. Mbao za thamani zilikuwa za msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi. Hapa kwetu palikuwa na mvule wa misitu iliyo chini ya milima ya Usambara, na mikoko kwa mataruma. Nyufa zilijazwa pamba iliyochovywa mafuta, kazi ambayo ndiyo kukalafati. Tumbo la chombo lilipakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haikusahauliwa na mgeni yeyote aliyepata kusafiri juu yake.

Mambo hayo ni ya wanaume, na waandishi wameyaandika mara nyingi. Lakini ni nani aliyeifanya kamba? Hapo kalamu nyingi hunyamaza. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika matope ya pwani, mahali pafikwapo na maji, yakaachwa miezi mingi mpaka nyama yake ilainike. Kisha yalifukuliwa, yakapondwa kwa mti, yakaoshwa, yakaanikwa, na nyuzi zake zikasokotwa kwa viganja, uzi juu ya uzi, mpaka zikawa kamba. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Walisimama matopeni hadi magotini, na uvundo wa makumbi uliwafuata nyumbani.

Katika mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, kamba haikuwa pambo wala msaada. Ilikuwa ndiyo chombo chenyewe. Mtepe haukupigwa misumari. Mbao zake zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba ya makumbi, na kamba zilipochakaa zilibadilishwa. Tanga lake la mraba lilikuwa jamvi la majani yaliyosukwa, na ususi wa ukili ni kazi ya wanawake tangu kale hata leo. Kwa hesabu ya haki, basi, mwanamume alikata mbao na mwanamke akatoa kile kilichozishika pamoja na kile kilichozisukuma mbele. Lakini jina lililobaki katika masimulizi ni la nahodha. Kufikia katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imetoweka baharini.

Je, walikaa humo pamoja? Hapana. Jahazi halikuwa nyumba. Chini palijaa shehena. Mabaharia walilala juu ya mizigo, chakula kilipikwa katika sanduku lenye mchanga, na wanawake abiria walifungiwa chumba chembamba cha tezi chenye joto na giza. Baharia aliyezeeka alirudi nchi kavu, na chombo alichokitengeneza pamoja na mkewe kikaendeshwa na vijana.

Mfano wa mume na mke walioonja maisha ya chomboni ni wa Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari aliyefika Usambara kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mnamo Novemba 1843 yeye na mkewe Rosine waliondoka Aden katika chombo cha Waarabu kilichokuwa kibovu. Maji yaliingia kwa wingi yakawashinda wafuaji, wakanusurika kwa shida, wakarudi Aden kutafuta kingine. Rosine alifariki Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Krapf alipokuja Vuga hakuwa na mke wa kumhadithia safari.

Kwa Wazigua wa Handeni chombo kilikuwa na maana nyingine kabisa. Njaa kali ya miaka ya 1830 iliwateremsha wengi pwani kutafuta chakula, na huko waliingia utumwani wakapakiwa vyomboni kwenda pwani ya Somalia. Hao hawakuchagua kuzeekea ng'ambo. Baadhi yao walitoroka wakaweka makao katika bonde la mto Juba, wakihifadhi Kizigua chao. Masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza katika kutoroka huko kwa nia ya kurejea kwao. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, sehemu ya wajukuu wao walikuja Tanzania wakawekwa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, na wengi wakapewa uraia.

Mabadiliko yaliyomtenga mwanamke wa pwani na chombo yalitoka pande mbili. Kwanza ilikuja nguo ya pamba kuchukua nafasi ya jamvi. Biashara ya Marekani iliyopata mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 ilijaza soko la pwani kitambaa ambacho mpaka leo huitwa marekani. Pili, na hili ndilo la Korogwe, ulikuja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na bonde la mto likageuka mistari ya mkonge hadi upeo wa macho. Waliokata majani hayo walikuwa manamba, wanaume walioletwa kutoka mbali, ambao wengine walizeekea kambini bila ya kuona tena kwao. Singa zao zilisokotwa kwa mashine zikawa kamba za meli za dunia nzima.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoipita. Lakini kamba za nailoni zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, nyepesi, zisizooza, na bei ya mkonge ikaanguka. Mashamba mengi ya Korogwe yaliota vichaka. Huko Unguja, maji yakikupwa, wako wanawake ambao wangali wakishuka matopeni kufukua makumbi waliyoyafukia miezi mingi nyuma.